Muwa wa Shamba la Dani

Kwetu ni Awendo, mji wa sukari. Malori ya miwa yanapita mbele ya geti mchana kutwa, na upepo ukitoka upande wa kiwanda unahisi hewa yenyewe ingetosha kuwekwa kwenye chai. Lakini ndani ya nyumba yetu sukari haikuwepo. Ilifukuzwa siku daktari alipomwambia dani, ndivyo tunavyomwita nyanya yangu mzaa baba, kwamba ana ugonjwa wa sukari. Mama alibeba kopo la sukari akampelekea jirani, akarudi akinawa mikono kama mtu aliyetoka kuua nyoka. Tangu siku hiyo tukanywa strungi, chai isiyo na maziwa wala sukari, sisi sote, hata mimi ambaye sina ugonjwa wowote isipokuwa mdomo.

Kilichonichekesha ni kwamba jioni dani huyo huyo alipakuliwa mlima wa ugali, halafu akaongezwa. Nikisema kitu, mama ananijibu, "Ugali una utamu gani? Kula unyamaze."

Basi mwalimu wetu wa bayolojia akatuambia kila mtu aje na tonge la ugali darasani. Tulitafuna bila kumeza, kidato cha pili kizima, mashavu yamejaa. Baadaye kidogo ugali ukaanza kuwa na utamu mdomoni. Mwalimu akaeleza kwamba wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, na mate yamekwisha kuanza kuukata. Kabohaidreti zote ni familia moja, akasema. Ziko sukari ndogo zinazoingia kwenye damu haraka, kama ya miwa. Uko wanga, unaofunguka polepole. Iko glikojeni, akiba ambayo mwili unaweka kwenye ini na misuli ili usife ukikosa mlo. Na iko selulosi, ile inayofanya ganda la muwa liwe gumu. Nayo ni glukosi tupu, ila imefungwa kwa namna ambayo tumbo letu haliwezi kuifungua. Ng'ombe anaweza, kwa msaada wa vijidudu vilivyo tumboni mwake.

"Kwa hivyo mwalimu, ng'ombe ametushinda?" nikauliza.

"Wewe amekushinda zaidi. Yeye anajua kutafuna akiwa amenyamaza."

Nilirudi nyumbani nikamwambia dani kwamba ugali wake ni sukari iliyovaa koti. Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alipoenda kliniki aliuliza, na muuguzi akasema huyu msichana hajakosea: ugali upunguzwe. Akaongeza jambo ambalo nilitamani lingeandikwa ukutani: ukidunga insulini, ule. Insulini, dawa anayodungwa dani kila asubuhi, inaiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli za mwili. Isipokuta chakula, itaendelea kuiondoa hata ile kidogo iliyobaki, na ubongo ndio utakaolia njaa kwanza.

Halafu shangazi akafa.

Alikuwa binti wa pekee wa dani, ameolewa upande wa Oyugis. Aliugua muda mfupi tu. Baba mdogo, anayeendesha lori la miwa, alilifagia akatupakia. Fagio halikufika kila mahali, kwa sababu kwenye kona nilikuta vipande vya miwa ya shamba la dani mwenyewe, iliyobebwa na lori wiki hiyo. Nikaviweka kwenye mkoba. Nilipoanza kutafuna kimoja tukiwa njiani, dani alinitazama kwa macho mekundu.

"Nyakwara, unatafuna miwa ukienda kumzika shangazi yako?"

Nyakwara kwa Kijaluo maana yake ni mjukuu wangu, na alilisema neno hilo bila hasira. Ndiyo maana niliona aibu. Nikarudisha muwa mkobani.

Kwa mila anayoishika dani, mama mkwe hali wala hanywi kwa mkwe wake. Hata maji. Wenyeji wanalijua hilo, kwa hivyo walituwekea hema letu karibu na ua, na wanawake wa kwetu wakawasha moto wao nje ya geti, wakapika kwa sufuria tulizobeba. Chakula chetu kilikuwepo. Dani hakukigusa. Usiku pia hakula, na kila mtu alidhani ni mila. Mimi nilifikiri mila ilimpa tu mahali pa kujificha. Mtu hawezi kumeza wakati mtoto wake amelala kwenye sanduku.

Asubuhi ya mazishi mama alimdunga sindano kama kawaida, akampa kiazi kitamu, akaitwa kwenda kupokea wageni. Tukapita kumwona shangazi. Uso wake ulikuwa uso wa dani uliopigwa pasi. Nilikumbuka mwalimu akisema hata DNA, ile ngazi ndefu inayobeba urithi, mihimili yake ina sukari ndani. Dani alimpa shangazi, alimpa baba, nami nikapata. Kwa mara ya kwanza sikuwa na mzaha.

Tulirudi hemani. Kiazi kilikuwa palepale, kimepoa, hakina alama ya jino.

"Dani, hukula?"

"Nani wewe?" akaniuliza.

Jasho lilikuwa linamtiririka na jua halijapanda. Mikono ilitetemeka. Nikamwambia ale kiazi, akakisukuma. Akaanza kumwita shangazi kwa jina la utotoni, akimwambia aanue nguo, mvua inakuja. Mwanamke mmoja wa pale nyumbani akakimbia na kikombe cha chai yenye sukari. Dani, hata akili ikiwa imeanza kumtoka, alikijua kikombe si chake. Alikipiga kwa mkono, chai ikamwagika kwenye nyasi.

"Si kwa mkwe," alisema. "Si kwa mkwe."

Nilitoa muwa. Baba mdogo akanishika mkono.

"Wewe una wazimu? Mtu ana sukari, unampa miwa? Unataka tuchimbe kaburi la pili leo?"

"Amedungwa na hajala, amu! Sukari imemwisha!"

"Huu si wakati wa utani wako."

Hapo ndipo nilipolipia utani wangu wote. Nimedanganya watu wa nyumba yetu kwamba kuku anaongea, sasa nasema kweli na hakuna anayeniamini. Nikalia. Nadhani machozi ndiyo yalimshangaza baba mdogo, maana hajawahi kuyaona. Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni mwa hema.

"Muuguzi alisema hivyo," mama akasema polepole. "Ukidunga, ule. Mwache."

Nilimenya kwa meno, nikaponda kwa jiwe ndani ya leso safi ya mama, nikakamulia kwenye kifuniko cha chupa yetu ya chai. Mama akamwinua, akahakikisha anaweza kumeza. Mimi nikamwambia sikioni, "Dani, ni muwa wa shamba lako. Ulipanda mwenyewe. Hautoki kwa mtu."

Alinusa. Akanywa. Nikakamua tena, akanywa tena, juisi ikimtiririka vidoleni. Tulikaa tukimtazama, na baba mdogo akawa ameshikilia ufunguo wa lori tayari kumkimbiza hospitali. Jasho likaanza kukauka. Dani akamtazama mama, kisha mimi, kisha makapi ya muwa niliyoyatupa miguuni.

"Nyakwara," akasema, "nani amechafua hapa?"

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Akampa kile kiazi, kwa sababu utamu wa muwa hauna subira, na kiazi ndicho kingemshikilia. "Kula, mama. Usipokula hutamzika." Dani alikitazama kwa muda. Kisha akala chote, kwa matonge madogo madogo, kama mtu anayefanya kazi ngumu. Baba mdogo akasema kliniki tutapitia tukitoka kaburini, na hakuna aliyebisha.

Alitembea mwenyewe hadi kaburini. Nilitaka kumfuta mikono kwa maji, akakataa, akaniambia nimwache. Alipoinama kuchukua udongo, ulinata kwenye kiganja chake chenye juisi ya muwa. Alirusha, nusu ikaanguka kwa shangazi, nusu ikabaki mkononi. Dani akafunga ngumi, akasimama hivyo hadi wakamaliza kufukia.