Avokado za Shosho Mwikali

Nilipokuwa na miaka tisa, mimi na mama tulipanga chumba kimoja mtaa wa Jamhuri, Nairobi. Mama alitoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo kwenye maghorofa ya Kilimani, nami nikitoka shule nilikuwa peke yangu mpaka jioni.

Jirani yetu, bibi mzee tuliyemwita Shosho Mwikali, alikuwa mjane kutoka Kitui. Mti wake wa avokado ulizaa kupita kiasi. Matunda yalianguka hadi njiani, yakaoza pale, nasi tukayaruka tukienda dukani. Ilisemekana ameufunga mti kwa dawa ya kwao: ukila bila ruhusa, tumbo linafura mpaka yeye mwenyewe akufungue. Hata avokado alizotundika langoni, mfuko mzima, za bure, watu waliziita mtego.

Siku moja nilirudi nikakuta sufuria tupu. Nikaokota tatu njiani, nikazila kwa chumvi. Njeri, rafiki yangu wa pekee, akanikuta nikilamba vidole.

“Umekula ya Shosho?”

“Ilikuwa chini.”

“Hata kama. Tumbo itafura. Usinishike.”

Kesho yake hakuna mtoto aliyecheza nami. Walikaa juu ya ukuta wakilitazama tumbo langu. “Imeanza. Ona vile fulana inambana,” mmoja akasema. Fulana ilikuwa ya mwaka juzi. Lakini jioni tumbo liliniuma kweli; leo nadhani ni woga. Mama aliporudi nilimwambia yote. Hakunichapa. Alinishika mkono tukaenda.

Tulimkuta Shosho akichambua maharagwe.

“Shosho, huyu mtoto aliokota avokado yako akakula. Tunaomba umfungue.”

“Nimfungue nini?”

Mama akatazama chini. “Dawa ya mti.”

Mikono ya Shosho ikasimama. “Wanasema hivyo?”

“Wanasema.”

“Wote?”

Mama akanivuta karibu naye.

“Na mimi nilifikiria ni vile watu wa huku hawapendi avokado,” Shosho akasema.

Kisha akanitazama. Nilikuwa nimeinua fulana, nalia. Akachukua kikombe cha maji, akapiga funda, akanipulizia tumboni kama wazee wa kwao wanavyombariki mtoto.

Akaniambia, “Enda, mama. Imetoka.”

Maumivu yaliisha kabla hatujafika mlangoni kwetu.

Kwa furaha yake, mama aliwasimulia wanawake wote pale mferejini. Hapo uvumi ukawa hakika: dawa ilikuwapo, maana mwenyewe ameitoa. Njeri akarudi, tukaruka kamba kama zamani. Nikipita kwa Shosho niliinamisha kichwa.

Angeweza kusema ukweli, kwamba hakuweka kitu, na labda jina lake lingesafika. Ila mimi nisingemwamini, na tumbo lingeendelea kuniuma. Nadhani aliliona hilo, na aliona pia litakalomfuata, akachagua upesi. Majirani siwalaumu, kila mmoja alikuwa akichunga watoto wake, na mama alikuwa akimchunga wake.

Nafsi yangu ndiyo inayonisumbua kidogo. Mtaa mzima, ni mimi tu niliyewahi kuzila zile avokado. Zilikuwa tamu, na sikurudi kumwambia.