Magarasa ya Dardo

Kila Jumapili mchana, nyuma ya bucha la Hebert pale Tacuarembó, Uruguay, wanaume wanne hucheza truko, mchezo wa karata wa waongo wenye kibali. Mwenye karata mbovu hutamba, mwenye nzuri hulia njaa, na wawili wa upande mmoja hupeana ishara za uso: nyusi zikipanda, nina kubwa kuliko zote.

Wilmar alikuwa ameusoma uso wa mwenzake wa upande mmoja, Dardo Olivera, mkata manyoya ya kondoo, miaka ishirini. Nyusi za Dardo zikitikisika kidogo tu, Wilmar keshajua. Lakini Dardo alipofiwa na mkewe, Nelly, uso huohuo ukakonda, macho yakadidimia, na msomaji wetu hodari ghafla akawa hajui hata a wala be.

Si kwamba Dardo alinyamaza. Alimwambia msimamizi wake kwamba asubuhi haoni sababu ya kuamka. Akaambiwa atafute mwanamke. Kaka yake akampa chupa. Padri akamwambia ajikaze. Ajikaze! Mtu kajikaza mpaka meno yanamuuma, halafu dawa ni kujikaza tena? Kondoo akisusa majani siku mbili, watu haohao humkimbilia daktari wa mifugo.

Jumapili moja Dardo alipata magarasa matupu. Hebert akapandisha dau. Wilmar akamtazama mwenzake, akingoja ishara. Haikuja.

"Mimi nataka kufa," Dardo akasema. "Nimechoka kuishi."

Hebert akaangua kicheko. "Msikieni mzee anavyotulilia! Huyo kabeba mzigo wa karata. Mie simo." Akatupa zake, akasukuma maharage ya kuhesabia alama upande wa Dardo. Mpwa wake Hebert, mchezaji wa nne, akampigia Dardo makofi kwa uongo mtamu.

Dardo akafunua karata zake mezani.

"Umekimbia nini, Hebert? Sina kitu. Nimewaambia ukweli, nyie mmenihesabia alama."

Wilmar akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Unafikiria kujiua, ndugu yangu?"

"Kila siku."

"Basi inuka. Tunakwenda hospitali."

Hebert akanong'ona, watu watasema nini, mwanaume mzima kupelekwa kwa madaktari wa vichaa.

"Ulipovunjika kiuno tuling'oa mlango wa bucha lako, tukakubeba juu yake," Wilmar akamjibu. "Mbona hukuuliza watu watasema nini?"

Hospitalini, mama wa dirisha la mapokezi aliwaambia daktari wa mambo hayo huja Alhamisi, warudi. Wilmar akavua kofia, akaiweka dirishani kama mtu aliyehamia hapo.

"Kwa kuwa havuji damu, ndiyo angoje? Mimi nimeshangoja tangu azike mkewe, na nilikuwa namwona kila wiki. Aibu yangu inatosha, mama. Usiongeze yako. Alhamisi tutakuja pia, lakini leo aonwe."

Mama akanyanyuka. Akarudi na daktari wa zamu, msichana mwenye macho ya usingizi, aliyewaingiza chumbani na kumuuliza Dardo kilichomleta.

Kwa mazoea Dardo akamgeukia mwenzake.

Wilmar akapandisha nyusi.

Dardo akasema yote, na daktari hakucheka. Alifunga mlango, akavuta kiti, akamwambia aanze tena, taratibu.