Kitenge Juu ya Mwanzi

Baba alikuwa mwalimu wa historia, na kwa mapenzi yake mwenyewe alikuwa amehamia Uingereza ya miaka mia nne iliyopita. Mwili wake tu ndio uliobaki nasi Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Kindu, ukila wali na sombe ya majani ya muhogo. Akili ilikuwa London, mjini kwa yule malkia aliyekataa kuolewa. Tukiwa tunakula alitusimulia kwamba matajiri wa kule walivaa shingoni kola ya duara, pana mno, hata mtu hakuweza kuliona tumbo lake mwenyewe, na kwamba wengi wao waliogopa kuoga wasije wakaugua.

"Bantu benye habaoge, batatufundisha nini?" Mama aliuliza, huku akimwongezea mchuzi.

Kilichompendeza Baba kupita vyote ni michezo yao ya kuigiza. Majumba ya michezo, alisema, yalikuwa ng'ambo ya mto, kama sisi. Watu walivuka alasiri kwa mitumbwi, jua likiwaka, maana mchezo ulitaka mwanga wa bure. Maskini walisimama uani, wakivunja njugu kwa meno na kuwazomea waigizaji. Wanawake hawakukubaliwa kupanda jukwaani, kwa hiyo vijana wa kiume walivaa magauni na kulegeza sauti. Na siku ya mchezo bendera ilipandishwa juu ya paa, ili watu wa upande wa pili waione, wajue leo kuna mchezo, wavuke. Tauni ilipoingia mjini, majumba yalifungwa. Siku hizo aliyetazama ng'ambo hakuona bendera, akajua kwamba watu wanakufa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Baba naye akaanzisha mchezo wake uani kwetu, kila Jumapili alasiri, yeye akiwa mfalme siku zote, walimu wenzake raia. Kiingilio kilikuwa konzi ya mpunga au karanga. Watu walisimama, wakala, wakapiga kelele, wakaenda zao, na Mama akabaki kufagia maganda huku akiwalaani Waingereza wote, wazima na wafu. Siku Baba alipomwomba kitenge chake chekundu cha ndoa kiwe bendera, Mama alimtolea macho.

"Mwalimu, kitenge yangu hapana. Pandisha suruali yako."

Akapandisha shuka.

Kisha vita vikaja. Asubuhi Baba alivuka kwenda shuleni, upande wa mjini, kama siku zote. Mchana risasi zikaanza kulia. Wapiga kasia wakaficha mitumbwi yao majanini, na tukaambiwa kwamba atakayeonekana mtoni atapigwa. Kindu hatuna daraja. Baba akabaki upande wake, sisi upande wetu, na kati yetu maji mapana ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Jumapili ilipofika, Mama alifungua sanduku, akatoa kitenge chekundu, akakifunga kwenye mwanzi. Nilikuwa msichana wa umri wa kubeba maji na kuwajibu wakubwa ovyo. Nikamwambia, "Mama, leo hakuna mchezo."

"Ninajua. Lakini mimi ninajua kichwa ya baba yako. Kama haone kitambaa, atasema tumekufa. Ataingia mu maji, batamuua."

Nikamshikia mwanzi akiusimamisha.

Kitambaa hakikumaliza saa moja kabla ya askari kuja. Bendera katikati ya vita ni maneno mengine kabisa. Mkubwa wao aliuelekeza mtutu wa bunduki juu ya mwanzi.

"Mama, njo bendera ya nani hii? Unaita nani kule ng'ambo?"

"Haiko bendera, mukubwa. Njo kitenge yangu ya ndoa. Leo iko teatre."

"Teatre iko wapi?"

Ua ulikuwa mtupu, na kuku mmoja. Mama akamwambia aketi, waigizaji wanavaa. Kisha akapita nyumba za jirani akiwaita wanawake, maana wanaume walikuwa wamejificha mashambani. Walikuja wanne. Mama alijipaka masizi ya sufuria akapata masharubu, akakunjakunja chandarua kilichochanika akakivaa shingoni, akapindua kikapu kichwani, akatoka. Alikuwa mfalme. Mfalme huyo alikuwa amekataza mtu yeyote kula kabla yake, kisha akalala usingizi mzito, na nchi nzima ikazunguka kitanda chake ikikohoa, ikidondosha vyungu, ikiwika kama jogoo, ili aamke watu wapate kula. Alikoroma kwa namna ambayo sisi watoto tuliijua vizuri: alikuwa anamwiga Baba. Askari walicheka mpaka mmoja akaweka bunduki chini. Mkubwa wao alipoondoka alisema atarudi Jumapili ijayo, na ole wake Mama kama amedanganya.

Kwa hiyo mwanamke aliyeyachukia maigizo akaigiza kila Jumapili. Kitenge hakikuweza kupanda bila mchezo, na mchezo ulimtaka mfalme. Kule London wanaume walicheza wanawake. Kwetu wanawake walicheza wafalme, maaskofu, madaktari waongo na waume walevi, hao wa mwisho bila mazoezi yoyote. Tulikuwa na njaa na hofu, naijua hofu ile mpaka leo, lakini nikiukumbuka ule ua nasikia kicheko kwanza. Naona haya kusema kwamba naikumbuka miaka ile kwa hamu, ila ndivyo ilivyo. Namkumbuka mama yangu akiwa mfalme.

Baba alirudi vita vilipolegea, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alisimama kwenye lango la ua, akautazama mwanzi, kisha neno lake la kwanza likawa: "Mama ya batoto, ni nani alicheza mufalme?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alimrushia ungo pamoja na mchele wote, akapiga kelele hadi majirani wakatoka, kisha akakaa chini juu ya mchele akalia. Nilidhani swali ndilo lililomuudhi. Baba akatueleza kwamba kila Jumapili alijificha nyuma ya mabehewa ya stesheni akitazama ng'ambo. Akikiona kitenge, alirudi akalala vizuri. Asingekiona, angeingia mtoni siku ileile. Hadithi yetu ikawa hiyo, na kwa miaka mingi tuliisimulia kwenye arusi na matanga, kila mara kana kwamba tumesimama pamoja na Baba nyuma ya mabehewa.

Baba amekwisha kufa. Mimi naishi upande wa mjini, nina duka dogo la vitenge, na nimemsihi Mama ahamie kwangu mpaka nimechoka. Hataki. Simu ninazomnunulia anaziweka kabatini. "Telefone inadanganya," husema. "Muntu anaweza kusema yiko muzima, kumbe yiko kwa kitanda." Badala yake kila Jumapili alasiri anapandisha kitenge kilekile, kimepauka sasa. Nami nateremka mtoni, natazama, narudi dukani moyo umetulia.

Jumapili moja mwanzi ulikuwa mtupu. Nilipiga simu, haikujibiwa. Nikaingia mtumbwi wa mota, nikagombana na mwenye mtumbwi njia nzima kwamba anakwenda polepole, nikaruka matopeni kabla hatujafika vizuri.

Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anamenya karanga. Kitenge kilikuwa mapajani, kimekunjwa.

"Mama! Kwa nini haukupandisha?"

"Uliangalia?"

"Niliangalia! Nikaona hakuna kitu!"

"Basi iko muntu ule upande," akasema, akaendelea kumenya.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba amenitoa roho, kwamba mtu mzima hachezi na mambo kama haya. Aliniacha nimalize yote.

"Baba yako aliniona kila Jumapili," akasema. "Mimi nilimuona lini?"

Nikakaa chini. Miaka yote ile hatukumuuliza. Baba alikuwa na kitenge chake cha kutazama. Mama hakuwa na chochote. Alikoroma, akachekesha watu wenye bunduki, hajui kama ng'ambo kuna mume au kaburi. Naye Baba, na usomi wake wote, hakuwaza kupandisha hata leso. Hata mimi sikuwaza. Tulikula karanga pale pale, nikatupa maganda chini, na kwa mara ya kwanza hakunigombeza.

Jumapili iliyofuata nilikata mwanzi mrefu, nikachagua dukani kitenge cha manjano, nikakipandisha kando ya mto. Macho ya Mama ya karibu yameharibika, lakini ya mbali bado mazima. Baada ya kitambo kidogo, kitenge chekundu kikapanda ng'ambo, na simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, asiyepiga simu.

"Nimekuona," akasema. "Lakini ile rangi ni mubaya."