Kuku wa Tryphosa Wananyonyoka

Tryphosa wa Sironga ni mjane, Msabato, mwenye shamba dogo la chai, migomba nyuma ya jiko na mdomo usiojua kuuza. Mimi nanunua kuku vijijini na kuwauza sokoni Mosocho, na nasema kwa uchungu: mpe mama huyu dhahabu akuuzie, ataanza kwa kukuonyesha ilipokwaruzika.

Kikundi chao cha akina mama hupokezana kuku. Unapewa matetea watano, wakishaangua unabaki na vifaranga, wao wanaenda kwa mwenzako. Kikundi hicho pia humpa kila mama ng'ombe wa maziwa kwa foleni, na mwenzako akikataa kuku unaomkabidhi, unarudi mwisho wa foleni hiyo. Na anayefuata kupata ng'ombe alikuwa Tryphosa. Jumapili ya kukabidhi ilipofika, kuku wa kikundi waliokuwa kwake walikuwa shingo nyekundu, makalio wazi. Akaniita niwakague mbele ya Mokeira, ambaye ilikuwa zamu yake kupokea.

"Chunga maneno," nilimwambia kando. "Usiseme wananyonyoka. Sema wanabadilisha manyoya."

"Si ni kitu kimoja, Angwenyi?"

Kimoja wapi! Nyoka tunasema hujivua gamba. Kuvua ni neno la nguo. Anayevua ana nyingine ya kuvaa, na sijaona mtu akimhurumia nyoka. Majani hupukutika, na kila mtu anajua yatarudi. Kuku tumempa kunyonyoka, neno la ukoo mmoja na nyoya na kunyonyoa, kazi tunayomfanyia akishachinjwa. Tena ndilo tunalomsemea mgonjwa anayeisha nywele. Linataja kilichotoka, halitaji kinachokuja. Sokoni neno kama hilo huua bei kuku akiwa bado kikapuni.

Mokeira alimshika wa kwanza, akampuliza kifuani aone ngozi, kama wanunuzi wote wafanyavyo huku. Manyoya yakamrukia usoni.

"Woi! Huyu mlikuwa mmeshaanza kumpika?"

Akina mama wa kikundi waliokuja naye wakaangua kicheko. Nikamgeuza kuku, nikafunua bawa ambako manyoya mapya yalikuwa yanachomoza kama miiba.

"Gusa hapa, mama. Kuku mgonjwa anaota haya? Amepumzika kutaga, anabadilisha."

Akagusa. Akatikisa kichwa kukubali. Hapo biashara ilikuwa imekwisha, ni kufunga miguu tu na kuondoka. Lakini akamgeukia Tryphosa.

"Dada, na wewe unasemaje?"

"Wananyonyoka. Ugonjwa sijauona, lakini mimi si daktari."

Nilitamani kumfunika na kikapu! Mokeira akamweka kuku chini, akajifuta mikono kwenye leso. "Hao sipeleki kwangu waniambukizie wengine."

Tryphosa aliingia bandani akatoka na matetea watano wake mwenyewe, wale wa mayai ya kuuza, manyoya yamejaa. Mokeira akapuliza mmoja mmoja, akawachukua. Nafasi ya ng'ombe ikapona. Mayai ndiyo yakaondoka.

Nikaona angalau nisirudi mikono mitupu. "Hawa walio uchi niuzie mimi, kwa bei ya hali yao."

"Hali gani?" Akawafungia mlango. "Si umetuambia wanabadilisha? Njoo wakimaliza, tuongee bei ya waliovaa."

Asubuhi nzima nimemfundisha mama huyu maneno ya kuuzia. Kwa Mokeira hakutumia hata moja. Ameyaweka yote aje kunitolea mimi.