Makovu ya Kiwandani

Kasha lilikuwa na umri wa siku kumi na mbili, na Bakr alikuwa akilitia miaka mia kwa mnyororo.

Alisimama mbele yake kifua wazi, miguu ameitanua, akauzungusha mnyororo wa nanga hadi ukavuma, kisha akauachia. Chuma kiliuma mbao za mwembe na kutoka na chembe zake. Akapiga tena kwenye pembe, pale ambapo kasha la kweli lingejigonga kila linapopandishwa ngazi za nyumba za Lamu. Hakupiga ovyo. Alijua uzee hukaa wapi. Majirani wa mtaa wa Langoni walisema mtu akitaka kujua Bakr ameamkaje asimwendee kumuuliza, ausikilize mnyororo tu, na ukivuma sana apite kichochoro kingine.

Baada ya mnyororo ilifuata siki, iliyolowekwa misumari ya kutu kwa wiki nzima. Ikipakwa, mbao hugeuka nyeusi kana kwamba imelala vizazi vitatu chini ya moshi. Kisha moto kidogo, kisha nusu mwezi ndani ya tope la mikoko huko kwao Matondoni. Bi Raihana, mwenye karakana, aliyauza makasha hayo kwa wenye nyumba za wageni Shela. Mteja akiuliza umri, aliambiwa ni la mtindo wa zamani, na mteja kwa kawaida alilisikia neno la mwisho peke yake. Pande nyingi za dunia watu hulipa zaidi wapate kitu kilichokwisha kuteswa na mtu mwengine: suruali iliyochanwa magoti, meza iliyotobolewa ifanane na iliyoliwa na mchwa. Bakr hakuwa amesafiri kupita Mombasa, lakini jambo hilo alilijua kuliko wasafiri wengi, kwa kuwa mateso yenyewe yalitoka mkononi mwake.

Mkono wa kulia, kwa hakika. Wa kushoto ulikuwa na habari yake.

Zamani Bakr alipiga gita. Hakuna harusi kubwa, kuanzia Matondoni hadi Kiwayu, ambayo kikundi chao cha taarabu kilialikwa bila watu kuuliza kama yeye atakuwepo. Kando yake alikaa binamu yake Husni, aliyepiga gita la pili na ambaye kila mwaka alizidi kuchoka kuwa wa pili. Miaka saba nyuma, kwenye harusi ya dada mdogo wa Bakr, asubuhi walitukanana juu ya nani ataongoza usiku ule. Alasiri wanaume wakaingia kirumbizi. Wawili huingia uwanjani na fimbo, zumari inalia, ngoma zinaijibu, na kila mmoja anamtafuta mwenzake. Sharti ni moja: fimbo ipige fimbo. Anayempiga mtu mwilini ameuvunja mchezo.

Bakr na Husni waliingia wakicheka. Mzunguko wa tatu Bakr aliishika fimbo yake kwa mikono miwili kujikinga, na ya Husni ikateleza juu yake ikaviponda vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na cha mwisho. Waliokuwa mstari wa mbele walisikia mfupa. Bakr hakuanguka wala hakulia. Aliihamishia fimbo yote mkono wa kulia akampiga Husni shingoni, akampiga mgongoni, na Husni alipokuwa ameshaanguka akampiga sikioni. Mpiga zumari aliacha kupuliza. Wanaume sita ndio waliomtoa juu yake.

Husni alipoteza meno mawili na usikivu wa sikio la kushoto. Vidole vya Bakr vilifungwa na mganga wa mifupa vikaunga vibaya, vimejikunja kama vya mtu anayeshika kikombe. Wazee wa msikitini waliwaita kwenye suluhu mara mbili. Mara zote mbili walifika, wakakaa, wakakataa kupeana mikono. Husni akawa wa kwanza katika kikundi. Bakr alijaribu magita matatu ya kuazima, akayarudisha yote. Nyuzi zilikuwa ngumu kama waya wa ua, shingo nene, na kabla wimbo haujafika katikati maumivu yalishampanda hadi kwapani. Ndipo alipouchukua mnyororo.

Asubuhi hiyo ya kasha akaingia kijana mrefu, begi refu jeusi mgongoni. Aliitwa Mugambi, mtu wa Meru, aliyekuwa akiwapigia muziki wageni kwenye hoteli moja ya Shela. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na kesho yake angepanda basi Mokowe kurudi kwao.

"Samahani mzee. Wewe ndiye Bwana Bakr? Nimeambiwa ulikuwa fundi wa gita."

"Nalikuwa."

"Nauza hii yangu. Angalia tu, kuangalia si pesa."

Akafungua begi. Bakr akauweka mnyororo chini.

Lilikuwa gita la umeme la rangi ya samawati, au lililowahi kuwa la samawati. Pale mkono wa mpigaji unapoegemea rangi ilikuwa imelika hadi kwenye mbao. Vyuma vilishika kutu. Mgongoni palikuwa na mikwaruzo mingi ya kishikizo cha mkanda, na kichwani, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, alama ya sigara iliyosahauliwa.

"Limeona mengi hili," Bakr alisema taratibu. "Lilikuwa la nani?"

"Langu tangu mwanzo. Miaka mitatu."

"Miaka mitatu?"

Akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Sasa aliliangalia kwa jicho la kazi. Mikwaruzo ya mgongoni yote ilitoka upande mmoja, na mkanda wa mtu anayecheza hukwaruza huku na huku. Alama ya sigara ilikuwa moja, duara safi, na mvutaji hasahau sigara yake mara moja tu maishani. Ubavuni palikuwa na vishimo vinne vilivyofuatana, vyenye nafasi sawa. Vishimo hivyo hakuhitaji kuvifikiria.

"Hapa limepigwa mnyororo," alisema. "Mwembamba. Wa baiskeli pengine. Ni wewe?"

Mugambi akacheka, akitikisa kichwa. "Zi, mzee. Ilitoka hivyo kiwandani. Huko ng'ambo kuna watu wameajiriwa, kazi yao ni kuchapa gita mpya ikae imezeeka. Unalipa zaidi ndio ikuje imechapwa."

"Na wewe ukalipa."

"Si nililipa. Wageni wakiniona nayo wanadhani nimezunguka dunia. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Bakr alicheka mpaka akakohoa. Kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu mwenye mshahara, aliyesimama kifua wazi juu ya kitu kipya na mnyororo mkononi, kulimfurahisha na kumchukiza kwa pamoja. Akaketi juu ya kasha ili amrudishie Mugambi gita vizuri, na kwa mazoea tu mkono wa kushoto ukashika shingo.

Hapo kicheko kikakatika.

Shingo ilikuwa nyembamba, na vanishi ya nyuma ilikuwa imekwanguliwa hadi mbao ikawa laini kama mpini wa jembe la mtu mzima. Kidole gumba kiliteleza bila kunata. Nyuzi zilikuwa chini na laini. Alikikunjua kidole cha pete, kile kilichokataa miaka saba, nacho kikafika. Akapiga sauti nne. Bila spika zilisikika kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Hazikumuuma. Akarudia, akingoja maumivu yapande, hayakupanda.

"Wataka ngapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Elfu arobaini na tano."

Pesa alikuwa nazo. Lililomzuia lilikuwa jengine. Siku atakapokaa nalo mbele za watu, Matondoni nzima itajua kazi yake ni ipi. Watasema amenunua gita jipya akalitia mnyororo mwenyewe, ajifanye mkongwe wa muziki. Watoto watamwimbia njiani. Mtu aliyeliacha gita kwa kuvunjwa vidole atakuwa amerudi na majeraha ya kubandika.

"Fikiria, mzee. Lakini usikawie," Mugambi alisema. "Kuna jamaa mwingine nimemwambia anipate hapa hapa. Pia ni wa Matondoni, labda mnajuana."

Alikuwa mgeni. Hakujua amesema nini. Mlango ukatiwa kivuli, na aliyeingia alikuwa Husni.

Husni hakumtazama Bakr. Alimgeuzia sikio zima Mugambi, akamsalimu, kisha akanyoosha mkono na kulichukua gita kutoka mapajani mwa binamu yake kama mtu anayechukua kitu kutoka rafu ya duka.

"Subhanallah," akasema, akipitisha kiganja kwenye rangi iliyolika. "Hili limeishi. Hili lina sauti za watu ndani."

"Ni jipya," Bakr alisema.

Husni akaongea na Mugambi. "Ati nini?"

"Nimesema ni jipya. Limezeeshwa. Nitazame mato nikikwambia."

"Na wewe ungesema nini, wataka nilikimbie ulinunue rahisi. Kila kitu kwako ni cha uongo, kazi yako ndiyo hiyo." Akalipachika kifuani. "Kijana, natoa hamsini. Huyu wataka kumuuzia la nini? Mkono ule ni wa kushikia kikombe."

Bakr aliinama kama mtu anayeokota kiatu. Alipoinuka mnyororo ulikuwa ukivuma.

Husni aliinua gita ajikinge. Mnyororo ulipiga bega la gita, ukatoa kipande cha samawati kikubwa kama ukucha, ukapinda juu yake na kumpata begani, kwenye mfupa wa mtulinga. Alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Gita likaanguka juu ya maranda ya mbao. Kabla mnyororo haujarudi, Husni alikuwa ameshashika nyundo ya mti ya kuchongea, akampiga Bakr mbavuni mara moja, na mara ya pili papo hapo. Wakakamatana. Wakaangukia ndoo ya siki, ikamwagika, ikaingia kwenye kila mchubuko waliokuwa nao, na wote wawili wakapiga mayowe huku wakiendelea kung'ang'aniana shingo. Bakr alimgonga Husni uso kwenye ubavu wa kasha. Husni aling'ata mkono wa mwenzake, ule ule wa kushoto, asiuachie.

"Nyinyi ni wazimu?" Mugambi alikuwa akipiga kelele juu yao. Aliukanyaga mnyororo kwa miguu yote miwili usiinuliwe tena. "Gita yangu! Mnauana na gita yangu!"

Hawakuachana kwa kusikia neno lake. Waliachana kwa kuishiwa pumzi. Bakr hakuweza kuvuta hewa zaidi ya nusu. Husni aliegemea kasha, damu ikimtoka puani ikishuka juu ya kanzu, mkono wa kulia umelegea kwa mfupa uliopasuka.

Mugambi aliliokota gita akalipangusa. "Mmeniharibia. Nani atanunua hii sasa?"

"Nionyeshe palipoharibika," Bakr alisema.

Kijana aligeuza hivi, akageuza vile. Akapapasa bega, akapapasa ubavu. Katika makovu yale yote hakuweza kulitambua la leo. Husni alimwangalia akitafuta, na polepole uso wake ukabadilika.

"Kwani ni kweli?" aliuliza. "Limetengenezwa hivi?"

"Ilitoka hivyo kiwandani," Mugambi alijibu kwa unyonge.

Husni alianza kucheka, mfupa ukamkata, akatulia. "Basi silitaki. Mimi nalitaka lenye umri." Akatema damu pembeni. "Mpe huyo. Apige nisikie."

"Sikupigii wewe."

"Kitwa chako kigumu. Piga. Miaka saba watu wanambia mimi nimekuua. Nataka kusikia maiti."

Bakr alilichukua. Mbavu zilimchoma kila alipopumua. Mkono wa kushoto ulikuwa na alama za meno. Alianza mwanzo wa wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule walioupiga pamoja mara zisizo na idadi, na Husni akalisogeza karibu sikio lililobaki, akafumba macho. Sauti zilitoka ndogo, kavu. Ziliyumba pahala pawili. Zilifika mwisho.

"Kidole cha pete kinachelewa," Husni alisema.

Bakr alitaka kumpiga tena, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Siku ile," akasema badala yake. "Ulikusudia?"

Husni alifuta damu kwa ukingo wa kanzu.

"Nalikusudia fimbo," alisema. "Kisha nikaviona vidole."

Nje punda alipita na mzigo wa mawe, mwenye punda akimhimiza. Bakr alikaa na neno hilo. Alikuwa amelingoja muda mrefu, na alidhani akilisikia atamaliza kipigo kilichobaki. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye gita, na hakutaka kuitoa.

"Nalichukua," alimwambia Mugambi.

"Watasema umelipiga mnyororo mwenyewe," Husni alisema.

"Na waseme. Shingo imenikubali."

Mugambi alizihesabu noti haraka, akalikunja begi tupu akaliacha juu ya meza, akatoka bila kuaga, kama mtu anayeondoka penye moto. Husni alijiinua kwa kushika pembe ya kasha. Mlangoni alisimama, amemgeukia upande wa sikio zima.

"Huu mkono wangu hautashika gita mwezi huu," alisema. "Na Alhamisi tuna harusi Siyu. Utapiga wewe. Nitakuja kukaa mbele. Kidole kikichelewa nitakwambia hapo hapo, watu wakisikia."

"Uninambie," Bakr alisema, "nikuvunde na sikio la pili."

"Inshallah," Husni alijibu, akashika njia ya kwenda hospitali, bega limemwinama.

Bakr alibaki peke yake katikati ya siki na maranda. Akaanza wimbo upya. Kidole kikachelewa. Akautandika mkono ule kwenye ukingo wa kasha kwa nguvu, akautikisa, akaanza tena.