Nahodha Asiyekula Nyama

Miaka ile baada ya ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje, Kariakoo kuliingia kila kitu: redio za kaseti mbili, mitumba ya kila rangi, televisheni zilizowashwa vibarazani wapita njia wakasahau walikokuwa wanaenda. Mimi nilikuwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, niliyetoka Lindi na cherehani yangu. Nilishonea barazani kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vifungo na zipu. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wake wote walikuwa Ulaya, na kila wiki binti yake alipiga simu dukani kumwambia auze duka akaishi naye. Akikata simu, Mzee hunieleza, nami hupiga hesabu. Mzee akiondoka, na baraza limeondoka. Halafu, niseme ukweli, nilikuwa nampenda.

Mwanawe wa mwisho aliposafiri aliacha mashine ya gemu. Mzee akaileta dukani, akaiunganisha na televisheni ndogo nyuma ya makabati. Wakati ule maduka mengi ya Wahindi yalifungwa mchana watu wakale, saa sita na nusu mpaka saa nane. Siku moja muda huo ulipofika akaniita ndani.

"Fundi, vidole vyangu vinatetemeka. Wewe una vidole. Mimi nina Kiingereza."

Ushirika wetu ukaanza hivyo. Mimi nilishika pedi yenye vitufe, yeye alisoma maandishi na kunitafsiria, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Gemu lilikuwa la miaka mia tatu ijayo: mji unaoelea kati ya nyota, na nahodha aliyepotea humo anatafuta chombo cha kumrudisha kwao duniani. Kabla ya kuanza, mashine ilituuliza tunataka nahodha wetu awe nani: mpiganaji, mfanyabiashara, mwizi, daktari? Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Baba alikuwa na cherehani, nikapewa cherehani, basi. Nikachagua daktari, na nakumbuka nilikaa vizuri zaidi kwenye stuli.

Shida ni kwamba gemu lile lilitengenezwa na watu wasio na adabu. Ukifika mlangoni kwa mtu unabonyeza tu, umo sebuleni, unafungua masanduku yake na kubeba utakacho, na mwenyewe anakutazama. Nilikataa katakata. Kofia ya nahodha ilikuwa na taa, basi mbele ya kila mlango niliiwasha na kuizima mara tatu. Hiyo ndiyo hodi yetu. Nikishasubiri kidogo, ndipo naingia na kuwasalimia wote waliomo, wazee kwanza. Masanduku sikuyagusa. Mzee, ambaye alishaibiwa dukani mara mbili, aliniunga mkono kabisa.

Na yeye alikuwa na lake. Nahodha akiumia, kilichomrudishia nguvu upesi kilikuwa nyama ya mnyama fulani wa huko angani. Mzee hakuwahi kula nyama maisha yake yote.

"Huyu yuko chini ya paa langu," alisema. "Atakula majani."

Majani yalirudisha nguvu kiduchu. Kwa hiyo tukawa na daktari mnyonge, mwenye njaa, mwenye adabu kupita kiasi, anayezunguka mji mzima wa angani akisalimia watu. Mgao wa umeme ukitukuta hatujahifadhi mahali tulipofika, tunaanza salamu upya. Huko kwa nahodha umeme haukukatika hata siku moja. Hilo lilitushangaza kuliko nyota zenyewe.

Siku moja Mzee alikata simu akaja kukaa karibu yangu.

"Nimemwambia nitakwenda tukimaliza gemu."

Kuanzia siku hiyo hodi zangu zikawa tano. Nilianza kurudi kwenye nyumba nilizokwisha kuzisalimia, kuuliza wameamkaje. Mzee hakulalamika, nami nikajiona mjanja kwelikweli. "Bado funguo tatu za kuwashia chombo," Mzee husema akisoma kwenye kioo. Wiki nyingine bado mbili. Wiki nyingine tena tatu. Nikadhani ndivyo Kiingereza kilivyo.

Mwaka ukapita. Binti akachoka kusubiri, akapanda ndege. Alitukuta mchana, chapati na dengu kwenye kaunta, mimi nimeshika pedi. Akainama kumgusa baba yake miguu kwa heshima, akainuka, akaona televisheni. Nahodha wetu alikuwa amesimama mbele ya chombo kikubwa chenye mlango wazi, na maandishi chini yake.

"Baba, mnangoja nini? Hapa imeandikwa chombo kiko tayari. Bonyezeni, mwondoke."

"Mpaka tupate funguo tatu, dada," nikamweleza.

"Funguo gani? Hapa hakuna habari ya funguo."

Nikamgeukia Mzee. Alikuwa anapanga zipu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Chombo kile tulikuwa tumekifikia miezi mitano nyuma. Nikaiweka pedi chini.

"Na wewe, Fundi," akasema bila kuinua uso, "nyumba moja unaipigia hodi mara tano, unadhani sioni?"

Binti akatutazama kwa zamu. Kisha akakaa juu ya jora la kitambaa, akavua viatu, akaomba chapati. Siku ile hatukubonyeza.

Mzee aliondoka mwezi uliofuata, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda ngazi za nyumbani kwake Upanga. Duka alilinunua mtu aliyekubali sharti moja, kwamba baraza ni la fundi. Mashine aliniachia mimi, nahodha akiwa palepale mlangoni. Alipopiga simu mara ya kwanza kutoka huko Ulaya, akasema theluji imefika dirishani, kisha akauliza:

"Fundi, umebonyeza?"

"Bado, Mzee. Kuna majirani hatujawaaga."

"Sawa," akasema. "Ila nyama usimpe."