Kitako Bila Gundi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga skrubu chini ya chombo ambacho Foremani alikuwa amekikereza kwa siku tisa. Hakuna aliyenituma. Niliambiwa nikiweke juu ya kitako chake, kile kiti cha mbao cha kukibeba, nisubiri. Lakini kilikuwa na tumbo la mviringo kama sotet, kile kibuyu chetu cha maziwa, na kila nilipokiweka kilitikisa kichwa kama mzee anayekataa mahari. Mimi, kijana wa Kidato cha Nne mwenye cheti mfukoni, nikaona dawa ni skrubu moja ya inchi mbili. Nikaikaza kutoka chini. Ikapita kitako, ikapita chombo, ikachungulia kwa ndani. Halafu nikasikia trrr, na ufa ukapanda mbele ya macho yangu mpaka karibu na mdomo.

Foremani alikuwa mtu mfupi wa Merigi, mwenye kuongea kama anayenunua maneno dukani. Alisimama nyuma yangu.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Foremani. Ilikuwa inacheza."

"Na wewe ukicheza nikupige skrubu?"

Karakana nzima ikacheka isipokuwa sisi wawili. Nilianza kukunja koti langu nirudi nyumbani. Yeye akatoa skrubu polepole, kama anayetoa mwiba kwa mtoto, akakipandisha chombo kile kwenye rafu juu ya meza yangu, ufa ukinitazama. "Kitakaa hapo," akasema. "Siku utajua kukitafutia kiti, utakishusha."

Kikakaa hapo miaka kumi na tisa.

Vijana wananiuliza kazi yenyewe ilikuwa nini, maana wakisikia "fundi wa vitako" wanaanza kukohoa. Nawaeleza. Shamba la chai lilipong'oa miche mizee ili lipande mipya, visiki vilibaki marundo. Mbao za kisiki cha chai ni ngumu, rangi ya uji. Foremani aliomba visiki hivyo, akavianika kivulini, akavifunga kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti wakati wewe umeshika patasi bila kutikisika. Vikatoka vyombo vya urembo: vya shingo ndefu, vya tumbo kubwa, vingine ukuta mwembamba mpaka mwanga unapita. Viliwekwa kwenye nyumba ya wageni ya shamba. Chombo cha namna hiyo ukikiacha juu ya meza tupu, mtu atatupa funguo ndani. Ukikipa kitako, anakunja mikono nyuma na kukizunguka. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya.

Sheria zake nilizipata kwa kukemewa. Chombo cheupe, kitako cheusi. Mimi nilitumia mzeituni wa mwitu, mzito kama deni la ukoo. Chombo chenye mistari mingi, kitako kinyamaze. Kitako cha miguu mitatu hakichezi hata sakafu ikiwa mbaya, ndiyo sababu mawe ya jiko ni matatu. Kwa chombo cha tumbo la mviringo unakereza pete, unaitandika ngozi laini ya ndama kwa ndani, chombo kinakaa kwa uzito wake wenyewe. Na kitako kisipige kelele kuliko chombo. "Mgeni akisifu kitako kwanza," Foremani alikuwa akisema, "wewe umekula chakula cha bwana harusi."

Lakini sheria iliyokuwa juu ya zote ni kwamba chombo hakifungwi. Mti uliokatwa bado unaishi. Mvua ikija unavimba, jua likija unasinyaa, na haufanyi hivyo sawasawa pande zote. Ukiubana na mti mwingine, mmoja lazima upasuke. Foremani hakueleza yote hayo. Alisema tu, "Kitako ni kiti, si pingu," na akainua macho kwenye rafu yangu.

Foremani alistaafu. Siku ile aliondoka na patasi mbili na radio yake, akapita kwangu bila kusimama, akagonga rafu kwa kidole mara moja. Sikukishusha. Nilikuwa bado naogopa.

Baadaye akaja Meneja wa Wageni, mama mmoja mrefu kutoka upande wa ziwa, mchapakazi kuliko sisi sote, ambaye alitembea na kitabu cha kuandika makosa. Simsengenyi, nyumba ile ilikuwa imelala, yeye akaiamsha. Kabla yake, chombo kimoja kilikuwa kimegongwa na mkoba wa mgeni kikaanguka, na yeye aliposikia habari hiyo alikuja karakana moja kwa moja.

"Mzee wa vitako ni nani?"

"Ni mimi, Madam."

"Kwa nini hivi vitu havijashikiliwa? Mtu akipiga chafya vinaanguka."

Nikamweleza habari za mti kuvimba na kusinyaa. Alinisikiliza vizuri, halafu akafungua mkoba, akatoa chupa ya gundi.

"Jumamosi naleta wageni wakubwa, watu wa kuagiza vyombo kwa hoteli. Navitaka vyote vimeshikwa na gundi. Na nikuambie wazi, Mzee, sioni kwa nini niwe na mtu mzima mwenye kazi ya vitako peke yake. Kule kiwanda cha mbao cha bonde la chini wanatafuta fundi. Jumamosi ikienda vibaya, Jumatatu unaenda."

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala mbali na blanketi langu naamka shingo imepinda. Nilipoenda mazishi Kabianga, ambako ni karibu tu, mke wangu alinifungia chakula kama cha mgonjwa. Kiwanda kile kilikuwa mwendo wa siku nzima, joto, mbu, na likizo mara moja kwa muhula kama mtoto wa bweni. Nilirudi nyumbani Kimulot kwa lori la wafanyakazi bila kuona chai wala barabara.

Ijumaa tulipanga vyombo vitano kwenye nyumba ya wageni. Madam alisimama juu yangu kwa cha kwanza, kikubwa, cha jakaranda, ambacho nilijua hakijakauka vizuri. Nikapaka gundi. Nikakibana. Akasema, "Unaona? Si ngumu." Akataka kiwekwe karibu na mahali pa moto, mwanga ukipige. Simu ikamwita nje.

Nilibaki na vyombo vinne na chupa mkononi. Nikipaka, Jumamosi ni salama, lakini vyombo vitakufa mbele ya safari. Nisipopaka, mkoba mmoja tu wa mgeni na mimi ni mtu wa bonde la chini. Nilikaa hapo mpaka gundi ikaganda kwenye mdomo wa chupa. Halafu, sijui ujinga au nini, nikaenda karakana nikakishusha kile chombo cha Foremani. Nilikuwa na pete ya mzeituni niliyoikereza zamani bila kumwambia mtu ni ya nani. Nikakikalisha. Hakikutikisa kichwa. Nikakiondoa chombo cha tano, nikakiweka hiki mahali pake, ufa ukitazama ukuta.

Madam akarudi akauliza, "Vyote?"

"Viko sawa, Madam," nikasema. Ulikuwa uongo ulionyooka kama rula.

Jumamosi ilikuwa baridi ya Julai, ile ya kuvuta sweta mpaka masikioni, na mvua ya mawe ilikuwa imepiga asubuhi. Kwa hiyo waliwasha moto mkubwa. Wageni wanane walisimama na vikombe. Mimi nilisimama mlangoni na suti ya harusi yangu, nikihesabu mikoba. Mama mmoja alikuwa na mkoba wa ukubwa wa ndama. Kila alipogeuka, nami niligeuka.

Nilikuwa nikitazama mkoba kumbe balaa liko kwenye moto. Madam alikuwa katikati ya hotuba, anasema kazi yetu hudumu vizazi, tukasikia tik. Akanyamaza kidogo, akaendelea. Tik. Mgeni mmoja akatazama dari. Mimi nilikuwa nimeijua sauti ya ufa kwa miaka kumi na tisa. Halafu, paa! kama hindi linalopasuka kwenye makaa. Kile cha jakaranda kilifunguka kutoka kitako mpaka mdomo, wazi, unaweza kupitisha kidole.

Madam aliniita kwa jicho tu.

"Mzee. Hiki ulipaka gundi?"

"Nilipaka, Madam. Ulikuwepo."

"Na hivi vingine?"

Nilikuwa na njia ya kusema ndiyo. Wangekaa wakivitazama vyote kwa hofu, lakini ningelala nyumbani wiki hiyo. Badala yake miguu ilinipeleka kwenye chombo cha Foremani. Nikakiinua kutoka kwenye pete kwa vidole viwili, mbele ya watu, jambo ambalo lilinionyesha mimi ni mwongo kabla sijafungua mdomo. Nikakigeuza ufa utazame wageni.

"Hivi vingine havina gundi. Nilikudanganya. Na hiki nilikipasua mimi kwa skrubu, siku yangu ya kwanza. Kimekaa karibu na paa la mabati, mvua na jua, na ufa haujaongezeka hata unywele, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu amekifunga."

Nikakirudisha. Kilikaa. Mama wa mkoba mkubwa akaweka mkoba wake chini, akakunja mikono nyuma, akakizunguka mara mbili.

Madam alisema tu, "Jumatatu, ofisini. Mapema."

Jumapili ile kanisani sikumbuki hata wimbo mmoja. Mke wangu alikuwa ameshakunja blanketi langu kwenye begi. Jumatatu nikaingia ofisini na kofia mkononi. Madam hakuinua kichwa kutoka kitabu cha makosa. Aliandika mstari, akautazama, halafu akanisukumia ile chupa ya gundi mezani.

"Itoe hapa," akasema. "Na ukinidanganya tena utaenda bonde la chini kwa miguu. Wale watu wametaka vyombo thelathini. Na pete zake."

Nilifika mlangoni akaniita. "Mzee. Kile cha ufa si cha kuuza. Kiandikie jina la aliyekikereza." Nikaandika jina la Foremani kwa mkono wangu, nikakiweka mahali pale pale.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na kile chombo. Kiko sebuleni hapa Kimulot, kwenye pete yake, na mimi siondoki nyumbani isipokuwa kwa ng'ombe na kanisa. Nimefikiri mengi kuhusu kazi ile. Watu hudhani kushika kitu kwa nguvu ndiko kukitunza. Mimi nimeliwa miaka kumi na tisa na skrubu ya inchi mbili nikijifunza kinyume, na Foremani alifariki kabla sijamwambia kwamba nilikishusha.

Wiki iliyopita nilimsimulia haya yote jirani yangu Ochieng, aliyekuwa mtu wa boila katika kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, akanunua shamba pembeni yangu. Nilisimulia kuanzia skrubu mpaka Jumatatu, kwa sauti yote ya hotuba, nikingoja yaguse moyo wake. Alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai iliyopoa, maana viti vyangu viwili vimevunjika miguu tangu Krismasi na nimekuwa nikisema nitavitengeneza. Alikitazama chombo, akanitazama mimi, akasema:

"Kwa hivyo hicho chenye kimepasuka umekipatia kiti, na mimi mzima nimesimama?"